Vihisi vya dharura kwa nyumba ya mzazi anayeishi peke yake: hatua kwa hatua

Simu ninazopokea zaidi siku hizi hapa Tanga zinatoka kwa watoto walio mbali. Mmoja yuko Muscat, wa pili Dar, wa tatu Minneapolis, na mama yuko Ngamiani na dada wa kazi anayeondoka jioni. Wote huniuliza swali lilelile: fundi, ninunue kifaa gani? Mimi nao huwauliza langu kwanza: usiku wa manane, nani atakayeufungua mlango wa mama?

Mwongozo huu umepangwa kwa kulifuata swali hilo. Kihisi kazi yake ni kusema kuna tatizo. Anayefunga mtungi wa gesi, anayemwinua mzee chini, anayevunja dirisha, ni mtu aliye karibu. Tukishampata mtu huyo ndipo tunarudi nyuma hadi kwenye kifaa.

Hatua ya 1: Tafuta watu watatu, gawa ufunguo

Chukua karatasi. Andika majina ya majirani watatu wanaoweza kufika kwa miguu ndani ya dakika tano, na angalau mmoja wao awe mtu anayelala nyumbani kila siku. Dereva wa mabasi ya Arusha ni mtu mwema, lakini hafai kuwa wa kwanza kwenye orodha. Nenda kwao na mama mwenyewe, si peke yako. Mama ndiye atakayesema, "Mwanangu, nikipatwa na jambo utaitwa wewe." Ombi likitoka kinywani mwake lina uzito ambao simu yako ya kutoka nje haina.

Wawili kati yao wapewe ufunguo. Mlango ukiwa na komeo la ndani, ufunguo hauna kazi, kwa hiyo ongea na mama kuhusu komeo hilo. Wazee wengi hawalali bila kulikomea, na wana sababu zao. Suluhisho ninalolipenda ni kuweka kitasa imara chenye kufunguka kwa ufunguo pande zote mbili, komeo likatolewa, na ufunguo wa ndani ukaning'inizwa kwenye msumari mama anaoufikia bila kunyanyuka.

Jambo ambalo watoto wa ughaibuni hawalijui: namba fupi za dharura hazivuki mpaka. Ukipiga 114 ukiwa Minneapolis hutawapata Zimamoto wa Tanga. Namba hiyo, na 112 ya polisi, lazima zipigwe na mtu aliye nchini. Ndiyo maana jirani anatangulia kwenye orodha, ndugu wa Dar anafuata, wa nje ya nchi anakuwa wa mwisho.

Hatua ya 2: Amua ni hatari zipi unazilinda

Usinunue seti ya vihisi kumi kwa sababu ina punguzo. Katika nyumba ya mzee wa pwani mimi huangalia nne: gesi ya kupikia, moto, hewa ya sumu ya mkaa, na mtu kuanguka au kuzidiwa. Maji yanayovuja nayaweka nyuma kabisa. Kihisi cha maji chini ya sinki kinatosha, na simtanki ikimwaga, jirani ataona kabla ya simu yako kulia.

Epuka kifaa kimoja kinachodai kunusa gesi, moshi na hewa ya mkaa kwa pamoja. Vitu hivyo vitatu haviendi mahali pamoja ndani ya chumba, kama utakavyoona hatua ya 4.

Sharti langu moja kwa kila kihisi cha moshi, gesi au hewa ya mkaa: lazima kiwe na king'ora chake chenyewe ndani, kilie hata kama intaneti imekatika, ruta imezimwa na kompyuta imekufa. Mtandao ni nyongeza juu ya king'ora. Tafuta pia alama ya viwango kwenye mwili wa kifaa: EN 14604 kwa moshi, EN 50291 kwa kaboni monoksidi, ambayo ndiyo hewa ya sumu ya mkaa. Vile vihisi vidogo vya gesi vya MQ-2 na MQ-6 vinavyouzwa kwa wanafunzi ni vizuri kwa kujifunzia, lakini usimkabidhi mama yako kwavyo.

Hatua ya 3: Weka kitovu ndani ya nyumba

Kitovu ni kompyuta inayopokea taarifa za vihisi vyote. Ninatumia kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani ya Home Assistant, ambayo ni ya bure, pamoja na kipokezi cha kuchomeka USB cha Zigbee, yaani mtandao wa redio ambao vihisi hutumia kuzungumza na kitovu. Naichagua kwa sababu maamuzi yote yanafanyika ndani ya nyumba. Kihisi kikilia, king'ora cha ukumbini kinalia bila kusubiri jibu kutoka kwenye seva iliyo bara lingine.

Kipokezi cha Zigbee usikichomeke moja kwa moja kwenye Pi. Tumia waya wa USB wa kurefusha wa mita moja hivi, kwa sababu tundu za USB 3.0 hutoa kelele kwenye masafa yaleyale ya 2.4 GHz yanayotumiwa na Zigbee. Waifai nayo iko hapohapo. Ukiiweka waifai kwenye chaneli 1, iweke Zigbee kwenye chaneli 25 ili zisigongane. Fanya hivi kabla ya kuunganisha kihisi hata kimoja, maana kubadilisha chaneli baadaye kunaweza kukulazimisha kuviunganisha upya.

Vihisi vya betri havipokezani ujumbe. Vifaa vinavyokula umeme wa ukutani, kama plagi za Zigbee, ndivyo vinavyobeba ujumbe wa wenzao hadi kwenye kitovu. Nyumba ya tofali za kawaida yenye vyumba vitatu inahitaji plagi mbili au tatu. Nyumba za zamani za Pangani au Mji Mkongwe wa Zanzibar, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, hesabu plagi moja kwa karibu kila chumba.

Weka saa ya mfumo kuwa Africa/Dar_es_Salaam mapema. Hatua ya 6 inaitegemea.

Hatua ya 4: Kila kihisi na mahali pake

*Gesi.* Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, lengo likiwa asilimia 80 ya kaya ifikapo 2034, kwa hiyo mitungi inaingia kwenye majiko ya watu waliopikia kuni na mkaa maisha yao yote. Mama wa miaka sabini anajua moto wa mkaa kuliko mimi ninavyojua nyaya. Gesi ni kitu kingine, na pua ya mtu mzima wa umri huo mara nyingi haishiki ile harufu iliyotiwa kwenye gesi ili ivujapo ijulikane.

Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani, na zote mbili ni nzito kuliko hewa. Propani ni nzito kama mara moja na nusu, butani mara mbili. Ikivuja inashuka, inatambaa sakafuni na kujikusanya kwenye kona, chini ya kabati, kwenye mlango wa choo ulio chini kidogo. Kihisi chake kikae sentimita 30 hivi kutoka sakafuni, mita moja hadi tatu kutoka kwenye mtungi, si nyuma ya mlango wala ndani ya kabati. Naona vingi vimepachikwa juu karibu na dari. Hapo ndipo pake kama ni gesi asilia ya bomba, kwa sababu methani ni nyepesi na hupanda. Kwa mtungi, kihisi cha darini hakina msaada: propani ikifika takribani asilimia 2 ya hewa tayari inaweza kulipuka, na tabaka hilo litakuwa miguuni mwa mama.

Sasa sehemu ya kuisoma mara mbili. Usitengeneze otomesheni, yaani amri inayojiendesha yenyewe kwenye kitovu, inayowasha chochote jikoni gesi inapogunduliwa. Nimeona mifano mtandaoni ya kuwasha feni ya kutolea hewa, au taa nyekundu. Swichi ya feni inatoa cheche, na mota ya feni ya kawaida nayo inaweza kutoa cheche. Kuzima nako ni vilevile, cheche hutokea mguso unapoachana. Gesi ikivuja, mfumo ufanye mambo mawili tu: king'ora cha ukumbini kilie, mbali na jiko, na watu waitwe. Kazi iliyobaki ni ya mikono: fungua milango, mtoe mama nje, funga mtungi kama unafikika, kisha piga simu ukiwa nje.

Kihisi hakiondoi kazi ya kukagua mpira na regulata. Kila mtungi unapobadilishwa, paka povu la sabuni kwenye maungio. Pakitoa mapovu yanayokua, pafungwe upya au mpira ubadilishwe. Dawa ya mbu ya kupuliza na spiriti vinaweza kukiliza kihisi bila gesi kuwepo. Mweleze mama hilo mapema, asije akakichomoa siku ya tatu.

*Moshi.* Kipachikwe darini, katikati ya ukumbi unaoelekea vyumba vya kulala. Nyumba zetu zinafukizwa udi na ubani, na kihisi cha moshi hakijui tofauti kati ya chetezo na godoro linaloungua. Muulize mama anafukiza wapi na lini, kisha weka kihisi mbali na chumba hicho. Wala usimwombe aache kufukiza. Atakachokiacha ni kihisi. Jikoni weka kihisi cha joto badala ya moshi. Vya daraja A1 hulia kati ya nyuzi 54 na 65. Kama jiko ni la bati bila dari, joto la mchana chini ya bati linaweza kukikaribia kiwango hicho, kwa hiyo kishushe kwenye mbao mahali penye kivuli na upepo.

Wadudu wadogo huingia ndani ya kihisi cha moshi na kukifanya kilie ovyo. Kisafishe kwa brashi laini kila mwezi unapobonyeza kitufe cha kujaribu. Baada ya miaka 10 kitupwe, hata kama bado kinalia.

*Hewa ya mkaa.* Kaboni monoksidi haina harufu, haina rangi, haina moshi. Lushoto wakati wa baridi watu huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mjini ni jenereta inayowekwa korido umeme ukikatika. Gesi hii ina uzito karibu sawa na hewa, hivyo inaenea chumba kizima, na kihisi kikae usawa wa kichwa cha mtu aliyelala. Chenye alama ya EN 50291 hulia ndani ya dakika 3 hewa ikifika sehemu 300 kwa milioni, ila kwa sehemu 50 kitasubiri dakika 60 hadi 90. Hakina hitilafu kinaposubiri hivyo, kwani kinapima madhara yanayojikusanya mwilini. Mama akilalamika kichwa kinamuuma na anapata nafuu akitoka nje, usingoje king'ora.

Hatua ya 5: Umeme ukikatika

Hapa ndipo mifumo mingi inapofia, na ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko popote.

Kihisi cha gesi kina kitu cha kupasha moto ndani yake, ndiyo maana karibu vyote hutaka umeme muda wote. Umeme ukikatika, au LUKU ikiisha saa nane za usiku, kinakufa kimya. Ukirudi kinahitaji dakika kadhaa kupata joto kabla ya kuanza kunusa. Nunua kile kinachotumia volti 5 za USB, ili ukilishe kwenye betri bila kuhitaji inveta.

Plagi za Zigbee nazo hufa. Kihisi cha moshi cha chumbani kina betri yake, lakini kama kilikuwa kinapitishia ujumbe kwenye plagi ya ukumbini, njia imekatika. Kitalia chumbani, jirani hataambiwa. Weka angalau kirudishi kimoja cha Zigbee cha USB, kifaa cha kupokea ujumbe na kuurusha tena, katikati ya nyumba, nacho kilishwe na betri.

Hesabu yake ni hii. Ruta ya 4G hula kama wati 8, Pi wati 4, kihisi cha gesi na kirudishi wati 2: jumla 14. Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na Ah (ampea-saa) 12 ina wati-saa kama 154. Tumia asilimia 80, toa hasara ya kubadilisha volti, unabaki na kama 105. Gawa kwa 14, unapata saa saba na nusu. Kama mtaa wenu giza huwa refu zaidi, ongeza betri. Betri ya asidi ya Ah 7 inayouzwa kwa kengele za ulinzi haifiki popote, maana hutakiwi kuinyonya zaidi ya nusu.

Hatua ya 6: Mama hajaonekana

Kuanguka ni kugumu kukugundua moja kwa moja. Kutoonekana ni rahisi. Mama anayeamka kwa sala ya Alfajiri atapita ukumbini kabla ya jua kuchomoza, siku zote. Kihisi cha mwendo ukumbini na kihisi cha mlango wa choo vinatosha kutoa habari hiyo. Kamera sizifungi ndani, na hata nikiombwa nakataa. Mama wa mtu hawezi kuishi anatazamwa akifunga kanga.

Tengeneza swichi ya kufikirika iitwayo mama_ameamka. Otomesheni moja iizime saa 10 alfajiri, nyingine iiwashe kihisi chochote kikiona mwendo baada ya hapo. Ya tatu ndiyo hii:

```
alias: Mama hajaonekana asubuhi
triggers:
  - trigger: time
    at: "07:30:00"
conditions:
  - condition: state
    entity_id: input_boolean.mama_ameamka
    state: "off"
actions:
  - action: notify.familia
    data:
      message: "Mama hajapita ukumbini tangu saa 10 alfajiri. Mpigie sasa."
```

Saa 1:30 asubuhi ya kwetu inaandikwa 07:30. Anza na familia kwanza kwa aina hii ya taarifa. Mama asipopokea ndani ya dakika 15 ndipo jirani aitwe. Weka na swichi ya "mama amesafiri", la sivyo siku ya harusi ya Korogwe mtaa mzima utagonga mlango.

Kihisi cha kawaida cha mwendo huona tofauti ya joto kati ya mwili na chumba. Mwezi wa pili, chumba kikifika nyuzi 33 au 34, tofauti hiyo inakuwa ndogo sana na kihisi kinaanza kupitwa. Kwa vyumba vya joto kali tumia cha rada, au tegemea zaidi kihisi cha mlango wa choo, ambacho joto halikisumbui.

Kisha vitufe vya dharura. Kimoja kando ya kitanda, kimoja bafuni, na cha bafuni kiwe sentimita 30 kutoka sakafuni, upande usiomwagikiwa maji. Aliyeanguka hafikii kitufe kilicho usawa wa swichi ya taa. Lala chini wewe mwenyewe, nyoosha mkono, weka alama hapo.

Hatua ya 7: Ujumbe umfikie mtu aliyelala

Taarifa za intaneti ni za familia. Jirani apate SMS, kwa sababu bando lake linaweza kuwa limeisha. Ruta nyingi za 4G za Huawei zinaunganishika na Home Assistant na kutuma SMS kwa laini iliyomo ndani yake. Laini hiyo iwe na salio la SMS, si bando la intaneti peke yake. Simu za majirani ziwekewe mlio wa pekee kwa namba hiyo, na iruhusiwe kupita hata simu ikiwa kwenye hali ya kutosumbuliwa. Kwa familia wenye Android na programu ya simu ya Home Assistant, tuma taarifa kupitia chaneli ya alarm_stream, ambayo hulia kama saa ya kuamsha.

Maneno ya ujumbe yaandike kwa mtu aliyeshtuka usingizini:

"GESI INAVUJA JIKONI KWA MAMA. Usiwashe taa. Usibonyeze kengele ya mlango, gonga kwa mkono. Mtoe nje, kisha piga 114."

Kengele ya mlango niliiongeza baada ya kuwaza jirani atafanya nini akifika. Ni ya umeme, na kidole cha kila mgeni huenda hapo kwanza.

Mfumo wenyewe ukifa nani atakuambia? Kama unaunganisha vifaa vya Zigbee na Home Assistant kwa programu ya Zigbee2MQTT, washa kipengele chake cha upatikanaji, lakini ujue kwamba kwa kawaida kifaa cha betri kinasubiriwa dakika 1500, zaidi ya siku nzima, kabla ya kuhesabiwa kimepotea. Kwa nyumba nzima, ifanye Pi ibishe hodi kwenye huduma ya nje kama healthchecks.io kila baada ya dakika 10. Hodi isiposikika kwa nusu saa, huduma hiyo ndiyo inayokutumia barua pepe. Aliye Muscat au Minneapolis apewe kazi hii, anaiweza vizuri akiwa hukohuko.

Hatua ya 8: Jaribio la nyumba nzima

Waambie majirani siku, usiwaambie saa. Zima swichi kuu. Subiri saa moja ili mtandao wa Zigbee ujipange bila plagi. Kisha bonyeza kitufe cha kujaribu kwenye kila kihisi, kimoja kimoja, ukiangalia kama SMS imetoka. Kihisi cha gesi usikipulizie kiberiti cha gesi. Gesi nyingi kwa mpigo inaweza kukiharibu. Kwa vihisi ambavyo kitufe chake hulia ndani tu bila kutuma ujumbe, ibadilishe hali yake kwa mkono kwenye Home Assistant ili otomesheni ifanye kazi.

Pima muda kuanzia king'ora hadi jirani kuingia ndani. Ukizidi dakika kumi, rudi hatua ya 1 na utafute mtu mwingine, vifaa uviache vilivyo. Rudia jaribio kila baada ya miezi sita, na kila jirani anapohama.

Mwisho bandika karatasi nyuma ya mlango wa mbele, kwa herufi kubwa: namba za majirani watatu, 114, 112, mahali mtungi ulipo, dawa anazotumia mama, na tarehe kila kihisi kilipofungwa. Iandike kwa kalamu ya wino usiofutika, maana hewa ya chumvi ya pwani haiachi karatasi ya printa salama kwa mwaka.